Maisha ya Elisabeth, Malkia wa Austria Aliyejinyima Chakula

Msomaji aliyewahi kutazama ramani za zamani za Afrika ya Mashariki atakumbuka kwamba ziwa tunaloliita leo Turkana liliandikwa kwa jina la Rudolf hadi mwaka 1975. Jina hilo lililetwa na Count Samuel Teleki, mtu wa Hungaria, aliyefika ukingoni mwa ziwa hilo mwezi wa Machi 1888 pamoja na Luteni Ludwig von Höhnel wa jeshi la majini la Austria. Wenyeji wa mwambao ule walikuwa na majina yao tangu kale, lakini hawakuulizwa. Teleki mwenyewe alianza safari akiwa mtu mnene mno, na njaa iliyoukumba msafara wake ikampunguza hata nguo zikampwaya. Naye akaliita ziwa kwa jina la mrithi wa kiti cha enzi cha nchi yake, Rudolf, mwana wa Kaisari Franz Joseph.

Simulizi yetu ya leo haimhusu Teleki wala Rudolf, bali inamhusu mama yake Rudolf. Mama huyo naye aliijua njaa, wala hakuipatia jangwani. Aliipata katika jumba lenye wapishi kwa makumi, mezani penye sahani za dhahabu, na akaishi nayo kwa muda wa miaka karibu 40. Nimeona inafaa maisha yake yaelezwe kwa askari na polisi kwa sababu ugonjwa unaodhaniwa kuwa alikuwa nao haujulikani sana katika kambi zetu, na pale unapotokea aghalabu hupewa jina lisilo lake.

Elisabeth alizaliwa mjini Munich, katika nchi ya Bavaria, usiku wa kuamkia Krismasi, tarehe 24 Desemba 1837. Baba yake, Duke Maximilian, alikuwa mtu wa ukoo wa kifalme asiyependa mambo ya kifalme. Alipenda farasi, sarakasi, na kupiga zeze la nchi yake katika vilabu vya wakulima. Watoto walilelewa kwa uhuru mwingi, hasa majira ya joto walipokaa Possenhofen, kando ya ziwa Starnberg. Elisabeth alipanda farasi, akapanda milima, akaogelea, akaandika mashairi. Kwa kifupi, hakufundishwa kutulia.

Mwezi wa Agosti 1853, mama yake Elisabeth, Bibi Ludovika, alikwenda na mabinti zake wawili katika mji wa Ischl. Shabaha ya safari ilikuwa kumwoza binti mkubwa, Helene, kwa Kaisari kijana Franz Joseph, ambaye mama yake, Bibi Sophie, alikuwa dada yake Ludovika. Mambo yalikuwa yamekwisha pangwa na akina mama hao wawili. Kaisari alikuwa ndiyo kwanza anatimiza miaka 23. Alimtazama Helene, akamtazama na mdogo wake mwenye umri wa miaka 15, akamchagua mdogo. Hapakuwa na mtu aliyethubutu kumkatalia Kaisari wa Austria, na binti huyo naye hakuulizwa sana. Ndoa ilifungwa katika mji wa Vienna tarehe 24 Aprili 1854.

Mtu aliyepitia ukuruta anaweza kulielewa jumba la Hofburg kuliko raia. Kila saa ilikuwa na kazi yake, kila vazi na siku yake, kila mtu na nafasi yake ya kusimama. Nani amsalimu nani, nani aonyeshe mgongo na nani asiuonyeshe, yote yalikuwa yameandikwa. Tofauti ni kwamba kuruta hufundishwa kwa ajili ya kazi, na baada ya miezi kadhaa humaliza. Msichana huyu wa miaka 16 hakuona mwisho. Aliyesimamia nidhamu hiyo alikuwa mama mkwe wake, ambaye pia alikuwa mama yake mkubwa kwa damu, Bibi Sophie. Ndiye aliyempa mwanawe njia ya kukalia kiti cha enzi mwaka 1848, wala hakuwa na nia ya kumwachia mtoto wa Bavaria amharibie kazi.

Elisabeth alizaa binti mwaka 1855, akaitwa Sophie kwa jina la bibi yake. Mwaka uliofuata akazaliwa Gisela, na mwaka 1858 Rudolf. Watoto wote watatu walilelewa chini ya amri ya bibi yao. Mwaka 1857 Elisabeth alifanikiwa kuwachukua mabinti wawili katika ziara ya Hungaria. Huko Buda wote wawili waliugua. Gisela akapona, Sophie akafa akiwa na umri wa miaka miwili. Mama alijilaumu, na walikuwepo watu waliomsaidia kujilaumu. Tangu hapo alikaa mbali na malezi ya watoto wake.

Mwaka 1859 Austria ilipigana na Ufaransa na Sardinia katika Italia ya kaskazini. Kaisari mwenyewe alichukua uongozi wa majeshi, na tarehe 24 Juni akashindwa vibaya huko Solferino. (Ni katika uwanja huo ambapo Henri Dunant wa Geneva aliwaona maelfu ya majeruhi wamelala bila maji wala daktari, na kutokana na yale aliyoyaona kikazaliwa chama cha Msalaba Mwekundu.) Mkewe alibaki nyuma na hofu yake. Alifungua hospitali ya majeruhi katika jumba la Laxenburg, akapanda farasi kwa saa nyingi kila siku, akapunguza chakula chake. Waandishi wa maisha yake huitaja miaka hiyo kuwa mwanzo wa vipindi vya kujinyima kula. Mwishoni mwa mwaka 1860 alikuwa amekonda na kukohoa hata madaktari wakahofia mapafu yake, akapelekwa kisiwa cha Madeira. Huko alipata nafuu. Aliporudi Vienna mwaka uliofuata alianguka tena kitandani baada ya siku chache, akaondoka tena, safari hii kwenda Corfu. Askari yeyote mwenye akili angeliona jambo hili: mgonjwa anapona akiwa nje ya kambi, anaugua akirudi langoni.

Alirejea mwaka 1862 akiwa mtu mwingine. Aligundua kwamba katika jumba ambamo hakuwa na amri juu ya watoto wake, wala juu ya saa zake, wala juu ya watumishi wake, kipo kitu kimoja ambacho mama mkwe hawezi kukigusa, nacho ni mwili wake mwenyewe. Akaugeuza mwili huo kuwa milki yake. Habari za uzuri wake zilienea Ulaya nzima, na alijua kuwa uzuri huo ni silaha. Nywele zake zilifika karibu na visigino, na kuzitengeneza kulimchukua saa mbili au tatu kila siku. Muda huo hakuupoteza bure. Aliutumia kujifunza Kihungaria, na baadaye Kigiriki.

Urefu wake ulikuwa sentimita 172, mrefu kuliko wanawake wengi wa zama zake. Uzito wake ulikaa kati ya kilo 45 na 50 kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Tuzifanyie hesabu tarakimu hizo kama wafanyavyo waganga wa leo: gawa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kilo 50 zinatoa karibu 17, na kilo 45 zinatoa kama 15. Mtu mzima akiwa chini ya 18.5 huhesabiwa kuwa amekonda kupita kiasi cha afya. Kwa kimo cha Elisabeth, kipimo hicho ni kama kilo 55. Naye alikuwa amezaa watoto wanne, kwa maana binti wa mwisho, Marie Valerie, alizaliwa mwaka 1868. Kiuno chake kilikuwa takriban sentimita 50 ndani ya koseti, yaani lile vazi gumu la kubana kiuno ambalo wanawake wa Ulaya walilivaa chini ya gauni na kulikaza kwa kamba.

Alijipima kwenye mizani kila siku. Kilo 50 ndiyo ilikuwa mstari wake. Akiupita, chakula kilipunguzwa mara moja. Kulikuwa na siku za maziwa matupu, hata akawa anasafiri na ng'ombe au mbuzi wake ili awe na hakika na maziwa hayo. Kulikuwa na siku za machungwa. Kulikuwa na siku za juisi ya nyama mbichi, iliyokamuliwa kwa mashine ya madini ambayo ingali inaonyeshwa Vienna mpaka leo. Kulikuwa na ute wa mayai uliotiwa chumvi. Halafu, kwa ghafula, kulikuwa na siku za keki na aiskrimu, kwani alizipenda sana. Karamu za Kaisari alizikwepa kila alipoweza. Mlangoni mwa chumba chake cha Hofburg alining'iniza pete za mazoezi, na ukutani akaweka ngazi za kupandia. Wageni wa jumba walishangaa kumkuta Malkia ananing'inia mlangoni kama mwanasarakasi, lakini nadhani baba yake angelifurahi.

Wakati ule mambo haya yaliitwa ukaidi, au majivuno, au ajabu za malkia. Jina la ugonjwa lilikuwa bado halijatolewa. Tayari mwaka 1689 tabibu wa Kiingereza, Richard Morton, alikuwa ameeleza habari za vijana wawili waliokonda bila homa wala kifua kikuu, mmoja msichana na mmoja mvulana. Ni vyema kulishika hilo la mvulana, kwa maana wengi hudhani huu ni ugonjwa wa wanawake peke yao. Lakini maelezo ya Morton yalisahauliwa. Mwaka 1873, Elisabeth akiwa na umri wa miaka 35, waganga wawili wasioshirikiana waliandika juu ya jambo hilo hilo: Charles Lasègue huko Paris na Sir William Gull huko London. Gull ndiye aliyeupa jina la anoreksia nevosa, maana yake kukosa hamu ya kula kwa sababu ya mishipa ya fahamu.

Jina hilo si sahihi sana. Mgonjwa huyu kwa kawaida hakosi hamu; huwa na njaa, tena njaa kali, na kutwa humfikiria adui huyo. Anachokosa ni ruhusa ya kula, na anayemnyima ruhusa ni yeye mwenyewe. Anaogopa kunenepa kuliko anavyoogopa kufa, na hata akibaki mifupa hujiona bado mnene. Gull aliona jambo jingine lililomshangaza: wasichana aliowatibu, waliokuwa wamekwisha nyauka, mapigo ya moyo yamepungua na mwili umepoa, hawakutulia. Walitembea, walihangaika, walidai kuwa wazima. Mkuu wa kikosi asiyelijua hili atadanganyika kwa urahisi, maana mgonjwa wa malaria hulala, lakini mgonjwa wa ugonjwa huu ndiye wa kwanza kuamka kwenda mbio za asubuhi.

Isichanganywe na saumu. Anayefunga mwezi wa Ramadhani anaingoja futari, na Mkristo katika Kwaresima anaijua Pasaka itakuwa lini. Mgonjwa huyu hana futari wala Pasaka. Akifikia uzito aliojiwekea, huushusha tena.

Nitatoka kidogo katika historia. Katika chuo cha maafisa wanafunzi nilichopitia alikuwepo mwenzetu mmoja ambaye wakufunzi walimtaja kila mara kuwa mfano. Mwembamba, mwepesi, hakosi mbio. Jioni, tulipokuwa tukitoka mesi, yeye alirudi uwanjani peke yake kukimbia. Chakula chake alitugawia, nasi tulimwita mtawa, tukacheka, tukala. Katika matembezi marefu ya mwezi wa saba alianguka njiani na moyo wake ukawa unapiga ovyo. Alirudishwa kwao, na katika karatasi zake ikaandikwa kwamba hana stahamala. Hatukuwa na neno jingine. Nimelipata neno hilo miaka mingi baadaye kwa kusoma maisha ya malkia wa Kizungu, na kila ninaposoma nakumbuka kwamba ugali wa mtu yule niliula mimi.

Sayansi ya njaa yenyewe ilipata mwanga mkubwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kuanzia Novemba 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, Profesa Ancel Keys aliwachukua vijana 36 waliokataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri, lakini wakajitolea kutumikia kwa njia hii. Walikuwa wazima wa mwili na akili. Kwa muda wa miezi sita walipewa chakula pungufu na kutembea kilomita 35 kila juma, hata wakapoteza kiasi cha robo ya uzito wao. Kilichowashangaza wakuu wa jaribio hilo hakikuwa kukonda kwa miili bali mabadiliko ya akili. Vijana waliokuwa wakibishana juu ya siasa na dini waliacha kujali lolote isipokuwa chakula. Walilamba sahani, walikusanya vitabu vya mapishi, walisikia baridi wakati wa jua, walikasirika ovyo, walikimbia wenzao. Mmoja wao, katika kipindi cha kurudishiwa chakula, alijikata vidole kwa shoka. Kwa hiyo sehemu ya tabia tunazoziona kwa mgonjwa wa anoreksia huletwa na njaa yenyewe, na haifai kuzungumza naye falsafa kabla tumbo halijapata kitu.

Lakini kulipa tumbo kitu kuna hatari yake, na hapa kila askari aliyewahi kupelekwa kuwaokoa watu wenye njaa afungue masikio. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukipewa chakula kingi kwa ghafula huvuta madini ya damu, hasa fosfeti, kwa kasi hata moyo ukaweza kusimama. Mwaka 1945, majeshi yalipozifungua kambi za wafungwa za Ulaya, wako waliokufa baada ya kulishwa na askari wenye huruma. Chakula hurudishwa kidogo kidogo, chini ya macho ya daktari. Baadaye ndipo yafuate mazungumzo, pamoja na jamaa wa mgonjwa akiwa kijana, kwa miezi na pengine kwa miaka. Wengi hupona. Hata hivyo, miongoni mwa magonjwa yote ya akili, huu ni mmoja wa yale yauayo zaidi, ama kwa moyo kusimama ama kwa mgonjwa kujiua.

Je, Elisabeth alikuwa na ugonjwa huo hasa? Waganga na wanahistoria wa leo hawakubaliani. Wako wasemao dalili zote zipo: uzito, mizani ya kila siku, mazoezi yasiyo na kikomo, hofu ya unene. Wengine hutoa hati za manunuzi ya keki, wakasema mtu aliyekula hivyo asingeweza kuitwa mgonjwa. Kwa maoni yangu hati za keki hazithibitishi kitu. Anayejinyima siku sita akala keki siku ya saba hajaacha kujinyima, na siku ya nane ya Elisabeth ilikuwa ya maziwa. Hata hivyo hakuna daktari aliyemwuliza maswali tunayouliza leo, kwa hiyo tuseme tu kwamba aliishi kama wagonjwa hao wanavyoishi.

Wala tusidhani kwamba alikuwa mtu wa kioo tu. Baada ya Prussia kuyavunja majeshi ya Austria huko Königgrätz, Julai 1866, dola ilikuwa karibu kusambaratika. Elisabeth aliipenda Hungaria, aliijua lugha yake, na alikuwa na urafiki na Count Gyula Andrássy. Alimsukuma mumewe akubaliane na Wahungaria, na mwaka 1867 dola ikawa ya mataifa mawili chini ya taji moja. Tarehe 8 Juni mwaka huo Kaisari na mkewe walitawazwa huko Buda. Ni kazi moja tu ya siasa aliyoifanya maishani mwake, na ilidumu hadi 1918.

Baada ya hapo akajitupa katika farasi. Alikwenda Uingereza na Ireland kuwinda mbweha kwa farasi, akiongozwa na Kapteni Bay Middleton, na wapandaji mashuhuri wa nchi hizo walikiri kwamba hawajaona mwanamke wa kumshinda. Alishonewa nguo mwilini ili kiuno kisionekane na mkunjo. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 maumivu ya mgongo na mguu yalimkataza farasi. Akaanza kutembea. Alitembea saa sita, saa nane, kwa mwendo wa jeshi, katika mvua na jua, hata wanawake wa kumsindikiza wakawa wanachaguliwa kwa uimara wa miguu yao. Tangu alipopita umri wa miaka 30 na kitu hakutaka tena kupigwa picha, na kila alipotoka alishika kipepeo cha ngozi kuficha uso.

Tarehe 30 Januari 1889, katika nyumba ya mawindo ya Mayerling, mwanawe Rudolf alimwua msichana aliyekuwa naye, kisha akajiua mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 30. Haukupita hata mwaka mmoja tangu ziwa letu lipewe jina lake. Aliyempelekea Kaisari habari hiyo alikuwa Elisabeth, kwa sababu yeye ndiye aliyeambiwa kwanza. Akavaa nguo nyeusi, na rangi hiyo hakuiacha kwa miaka iliyobaki. Alijenga jumba Corfu, alipolimaliza akalichoka. Alizunguka baharini kwa meli, akaamuru afungwe kitini wakati wa dhoruba ili ayatazame mawimbi. Mwaka 1897 dada yake Sophie aliungua katika moto wa soko la hisani mjini Paris.

Katika miaka hiyo miguu yake ilianza kuvimba. Madaktari walijua sababu, ni ile ile inayovimbisha miguu ya mtoto mwenye unyafuzi katika kambi ya wakimbizi: mwili umeishiwa. Walimsihi ale. Kaisari alimwandikia barua baada ya barua, akimwomba aache kujitesa. Mtu aliyeweza kuamuru majeshi ya mataifa kumi na zaidi hakuweza kumfanya mke wake ale sahani moja ya nyama, na nadhani hapo ndipo nguvu za ugonjwa huu zinapoonekana.

Mwezi wa Septemba 1898 alikuwa Uswisi. Alikataa ulinzi wa polisi, kama alivyozoea. Tarehe 9 alikula chakula cha mchana nyumbani kwa Bibi Rothschild karibu na Geneva, na bibi aliyemsindikiza, Irma Sztáray, alifurahi kumwona anakula vizuri, hata na aiskrimu. Alilala katika hoteli ya Beau-Rivage kwa jina la Countess wa Hohenembs, lakini jina hilo lilikuwa pazia jepesi, na asubuhi gazeti lilitangaza kuwapo kwake mjini. Gazeti hilo lilisomwa na Luigi Lucheni, Mwitalia mwenye umri wa miaka 25, aliyewahi kuwa askari wa farasi, sasa anarkisti asiye na kazi. Alikuwa amefika Geneva kumwua mwanamfalme mwingine, akamkosa. Kisu kilimshinda bei, kwa hiyo alikuwa amenunua tupa, akainoa ncha na kuitia mpini wa mti.

Saa saba na nusu mchana, tarehe 10 Septemba, Elisabeth na Bibi Sztáray walitoka hotelini kwenda kupanda meli. Lucheni aliwakimbilia, akampiga Malkia kifuani, akakimbia. Elisabeth alianguka, akainuliwa, akashukuru waliomsaidia, akatengeneza nywele, akatembea hadi melini kwa miguu yake. Alidhani amepigwa ngumi. Meli ilipong'oa nanga alizirai. Walipoikata koseti ili apumue waliona doa dogo la damu. Tupa ilikuwa imepenya hadi moyoni, na lile vazi alilolikaza kwa miaka yote lilikuwa limeizuia damu isitoke kwa kasi. Meli ilirudishwa, akabebwa kwa machela ya makasia, na muda mfupi baada ya saa nane akakata roho. Alikuwa na umri wa miaka 60.

Lucheni alikamatwa na wapita njia. Alihukumiwa kifungo cha maisha, kwa kuwa Geneva ilikuwa imefuta adhabu ya kifo, na mwaka 1910 akakutwa amejinyonga gerezani. Kwa polisi mauaji hayo yalikuwa na tokeo kubwa. Kuanzia Novemba hadi Desemba 1898 wajumbe wa nchi 21 walikutana Rome kwa siri kuzungumzia anarkisti, wakashauriana kupeana habari za wahalifu na kutumia namna moja ya kueleza sura ya mtu anayetafutwa. Wanahistoria wa kazi ya polisi huuhesabu mkutano huo kuwa miongoni mwa mizizi ya Interpol, ambayo baba yake, ile tume ya polisi wa mataifa, ilizaliwa mwaka 1923 katika mji huo huo wa Vienna.

Mwili wa Elisabeth ulipelekwa Vienna kwa treni, ukalazwa katika kaburi la ukoo, chini ya kanisa la Wakapuchini, karibu na Rudolf. Juu ya jeneza palikuwa pameandikwa kuwa yeye ni Malkia wa Austria tu. Wahungaria waliokuja mazikoni walisoma, wakakasirika, wakalalamika, na kabla usiku haujaingia sana fundi aliitwa kuongeza maneno ya kwamba alikuwa pia Malkia wa Hungaria.